AC ya chumba cha mama haitoi upepo, gesi imeongezwa mara mbili bado (Tabora)

kijana_wa_Ipuli

Wakuu habari za jioni, naomba msaada maana nimefika mwisho. Nipo Tabora, Ipuli. Nina AC ya ukutani, ile ya mashine mbili, moja ndani moja nje, BTU 12,000 (ndo kipimo cha nguvu ya kupoza), ina miaka mitatu na nusu toka ifungwe. Ipo chumba cha mama mzazi, mama ana miaka 71 na ana presha, na anayeijua Tabora ya mwezi wa kumi anajua nikisema joto namaanisha nini, mchana bati linapasua kichwa na usiku wa manane ukuta bado una moto ukiugusa. Kwa hiyo hii AC kwetu sio starehe.

Shida ilianza taratibu tangu mwezi wa nane. Zamani nikiwasha, pazia la dirisha la upande wa pili linacheza kabisa, saivi hata halitikisiki. Mpaka nisogeze mkono karibu na mdomo wa AC kama shibri moja ndo nausikia upepo, ila ni wa baridi kweli, mkono unakufa ganzi. Feni nimeweka ya mwisho kwenye rimoti na nimeshusha mpaka 16.

Sasa tangu mvua za kwanza zimeanza mwezi huu ndo imekuwa balaa, ikifanya kazi saa moja na kitu upepo unakata kabisa inabaki sauti tu, halafu ukizima inaanza kumwaga maji, juzi godoro la mama limelowa upande mzima. Nikafungua kifuniko nikakuta barafu nyeupe imeganda kwenye mapezi ya ndani, imeganda kama friji ya zamani.

Fundi kaja mara mbili. Mara zote anafunga geji (saa ya kupimia presha ya gesi) nje anasema gesi imepungua, anaongeza, 80,000 kila safari. Filta naosha mwenyewe kila mwezi. Je gesi inaisha kila mara? Au feni imechoka? Au nianze kujichanga ninunue nyingine? Mama analala mlango wazi saivi na mbu wanamtesa, roho inaniuma.

mzee_wa_Isevya

Pole sana kijana, mpe mama pole. Gesi kwenye AC haiishi kama ya jikoni, inazunguka humo humo. Kama kweli imepungua basi kuna mahali inavuja. Mwambie fundi apake povu la sabuni kwenye zile nati za mabomba huko nje, ukiona mapovu yanapanda ndo hapo. Kuongeza tu bila kuziba ni kumwaga hela.

Katubuka_kwetu

Mkuu mimi nipo Kigoma, Katubuka, dalili kama zako za upepo mdogo zilinipata mwaka jana. Kwangu ilikuwa kapasita ya feni ya ndani (kile kifaa kinachoipa feni nguvu ya kuanza na kuzunguka) imechoka, feni ilikuwa inazunguka kivivu, na kuna siku haianzi kabisa mpaka uisukume kwa kidole (nilikuwa nazima breka kwanza, usije ukaingiza kidole umeme upo). Fundi akabadilisha kale kakapasita kadogo, ka maikrofaradi moja na nusu tu, upepo ukarudi siku hiyo hiyo. Ila angalia, hizi AC za inveta (zile zinazopunguza na kuongeza mwendo zenyewe) nyingi feni yake ya ndani haina kapasita, kwa hiyo jua kwanza ya kwako ni aina gani.

Na umeme ukiwa mdogo jioni pia feni inapungua nguvu. Mimi nikipima saa mbili usiku nakuta volti 180 badala ya 230, nikanunua stabilaiza ya kusawazisha umeme.

fundi_baridi_TBR

Kijana, usinunue AC mpya na usilipe gesi ya mara ya tatu. Soma hii polepole.

Kwanza tenganisha baridi na upepo. Gesi kazi yake ni baridi, upepo unatoka kwenye feni. Gesi hata ikiisha yote, feni itaendelea kupuliza kwa nguvu zile zile, ila itatoa hewa ya kawaida. Wewe unasema hicho kidogo kinachotoka kinatia ganzi. Maana yake baridi ipo, hewa ndo haipiti. Ni kweli gesi ikipungua kiasi koili (yale mabomba yenye mapezi yanayopoza hewa humo ndani) inaganda na barafu inaziba njia, ndo maana watu wanachanganya, lakini wewe upepo ulianza kupungua mwezi wa nane, barafu imekuja juzi. Huo mpangilio ndo umenipa jibu kabla hata sijaiona.

Nina uhakika karibu wote kwamba blowa yako imejaa vumbi. Filta unaosha vizuri, sawa, ila filta inashika nyuzi na vumbi nene, hili vumbi letu jembamba la barabarani linapita. Likifika kwenye koili yenye unyevu linakuwa tope, likifika kwenye blowa linajishikiza kwenye mabawa. Blowa ni lile pipa jembamba refu ndani ya mdomo wa AC, lina mabawa mengi sana madogo yamepinda kama kucha. Pale kwenye mpindo ndo panabeba hewa. Mpindo ukijaa vumbi pipa linazunguka spidi ile ile, sauti ile ile, ila halibebi kitu, ni sawa na kuchota maji kwa kijiko ulichokisawazisha kwa nyundo.

Sasa kwa nini barafu imekuja na mvua? Hewa isipopita ya kutosha, koili haipati joto la chumba, inapoa mpaka chini ya nyuzi 0. Kiangazi hewa ya Tabora ni kavu, hakuna unyevu mwingi wa kuganda. Mvua zikianza unyevu unapanda, unagandia pale, barafu inaziba nafasi, hewa inapungua tena, barafu inaongezeka. Na hiyo 16 unayoweka haiongezi upepo hata kidogo, inafanya tu kompresa, ile pampu ya gesi huko nje, isipumzike.

Na la geji, hili linaniuma kwa sababu mafundi wenzangu wengi wanaanguka hapa. Koili ya ndani ikikosa hewa, presha ya upande wa gesi kurudi kwenye kompresa inashuka. Fundi akifunga geji anasoma presha ndogo, anasema gesi imepungua. Hakudanganya kwamba geji imeshuka, ila hakwenda ndani kuangalia sababu. Angalia mabomba mawili kule nje: barafu ikikaa kwenye bomba nene, shuku hewa kwanza. Ikikaa kwenye bomba jembamba, hapo ndo shuku gesi.

Fanya hivi leo. Zima baridi, weka alama ya feni tupu kwenye rimoti, iache masaa mawili mpaka matatu barafu iyeyuke yenyewe, tandika taulo chini. Usikwangue kwa kisu, ukitoboa koili ndo gesi itaondoka kweli. Halafu zima breka, funua yale mapezi ya mdomoni, mulika tochi kwa ndani, angalia mabawa. Njoo utuambie.

kijana_wa_Ipuli

Fundi nimetoka kumulika sasa hivi mikono inatetemeka. Nilifikiri ndani ni kitu cheusi chenye matundu, kumbe ni mabawa yamefunikwa. Nimepitisha kijiti cha kusafishia masikio kwenye bawa moja, kimetoka na kipande kama kitambaa, kizito, unene wake kama ganda la chungwa. Bawa lenyewe chini yake ni jeupe! Na bomba lenye barafu lilikuwa nene kama ulivyosema.

Naosha vipi bila kuharibu? Kuitoa yote naogopa.

fundi_baridi_TBR

Hapo sasa. Kama huna uzoefu usiitoe, ioshe ikiwa pale pale, ila iwe mchana na breka imezimwa kabisa, sio rimoti tu.

Upande mmoja wa AC, mara nyingi kulia, kuna boksi la umeme, lifunike kwa nailoni na ufunge kwa selotepu vizuri, maji yakiingia pale umeua bodi. Chini yake ning'iniza nailoni kubwa lielekee kwenye ndoo. Chukua lile bomba la mgongoni la kupulizia dawa shambani, LAKINI liwe jipya au ambalo halijawahi kuguswa na dawa, nasisitiza maana huku kila nyumba ina bomba la dawa ya pamba au tumbaku, hiyo sumu usiipeleke kwenye pumzi ya mama. Maji ya kawaida na sabuni ya maji kidogo. Koili pulizia kutoka juu kwenda chini kufuata mapezi, ukipulizia kwa ubavu yanalala. Blowa izungushe kwa kidole huku unapulizia na kusugua kwa mswaki laini, bawa kwa bawa. Usirukie bawa, uchafu ukibaki upande mmoja itakuwa inatetemeka na kelele. Malizia kwa kupitisha maji kwenye bomba la kutolea maji, kama limeziba ndo limelowesha godoro. Iache ikauke masaa kadhaa kabla ya kurudisha breka.

mama_wawili_Ujiji

Samahani kaka zangu naingilia. Yangu ukuta wake umepakana na jiko, tunakaanga migebuka kwa mawese karibu kila siku, na upepo umepungua. Inaweza kuwa hiyo hiyo?

fundi_baridi_TBR

Dada yangu ndo hiyo hiyo na yako itakuwa mbaya zaidi, moshi wa mawese unaacha utando wa mafuta, vumbi likifika linanata. Maji peke yake hayatatoa, tumia maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, rudia mara mbili. Halafu angalia rimoti, kama kuna alama ya tone la maji imewaka, hiyo ni ya kukausha hewa, AC inajishusha feni yenyewe. Weka ile ya theluji. Na mlango wa jiko ufungwe mkikaanga.

kijana_wa_Ipuli

Wakuu narudi na majibu. Nimeosha jana kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa tisa, mdogo wangu ameshika nailoni mimi nasugua. Ndoo ya kwanza maji yametoka meusi kama ya kuoshea mkaa, ya pili kahawia, ya tatu ndo yameanza kuonekana maji. Bomba la kutolea maji lilikuwa na tope limekaa kama ugali.

Saa kumi na moja jioni nimerudisha breka nikaweka 25. Pazia limeruka! Mama alikuwa kakaa kitandani akajifunika kanga mabegani akaniambia punguza. Nimeweka kipimajoto juu inapoingia hewa kikasoma 29, nikakiweka mdomoni kikasoma 18. Usiku kucha hakuna barafu wala tone. Kapasita sijagusa.

Ila kuna kitu, mashine ya nje saivi inanguruma kuliko zamani na breka imejizima mara moja leo mchana.

fundi_baridi_TBR

Tofauti ya nyuzi 11 ni nzuri sana, kuanzia 8 mpaka 12 mtu unaridhika. Huo mngurumo ni ile gesi uliyoongezewa mara mbili, sasa hewa inapita presha imepanda mpaka mahali pake na imepitiliza. Zima kwanza mchana kompresa isiungue. Tafuta fundi mwenye mtungi wa kuvutia gesi na mizani, asiifungulie hewani, aivute yote aipime, afanye vakyum (anyonye hewa na unyevu wote humo), arudishe kwa gramu. Gramu zimeandikwa kwenye kibandiko cha mashine ya nje. Asikubahatishie kwa geji.

kijana_wa_Ipuli

Amekuja Jumamosi fundi mwingine, ana mizani. Kibandiko kinasema gesi ya aina ya R410A, gramu 980. Zilizotoka humo ndani zimepima 1,340. Amerudisha 980, mngurumo umekwisha, breka haijajizima tena hadi leo Jumatano.