Je, DNA inaweza kuthibitisha kwamba wenye jina moja la ukoo ni ndugu?

Muuliza swali
Wanajamvi, nawasalimu. Marehemu baba alituachia daftari lenye majina sita ya ukoo kuanzia lake mwenyewe, na mbele ya jina la sita ameweka alama ya kuuliza. Sasa nimekutana na familia nyingine yenye jina letu, na wazee wao wanamtaja huyo babu wa sita. Mimi ni mwanamke, na nimeambiwa kwamba kipimo changu hakitafaa kitu. Je, ni kweli?

Mjibu wa kwanza
Dada, aliyekuambia hivyo hakukosea, ila hakumaliza maneno. Jina linaporithiwa kwa baba huandamana na kromosomu Y, ambayo baba humpa mwanawe wa kiume karibu bila mabadiliko, na kwa kuwa wewe huna kromosomu hiyo, mwombe kaka yako au ami yako apimwe, na mwanamume mmoja wa familia ile naye apimwe. Kazi yenyewe ni kusugua ndani ya shavu kwa kijiti tu. Msiridhike na kipimo cha alama 12, yaani sehemu 12 za kromosomu Y zinazolinganishwa, maana watu ambao koo zao ziliachana karne nyingi zilizopita huweza kulingana hapo. Anzeni na alama 37, na mkiweza mfike 111. Makundi makuu ya nasaba ambayo kromosomu Y huonyesha yakitofautiana, mmoja akawa wa kundi liitwalo R1b na mwingine wa E1b1a, hapo hakuna babu mmoja wa kuumeni wa zama za majina, hata kama jina linafanana herufi kwa herufi. Kipimo cha kromosomu nyingine unaweza kukifanya mwenyewe, lakini urithi huo hupungua nusu kila kizazi, hivyo kutoka kwa babu huyo wa sita umebakiwa na wastani wa sehemu moja tu kati ya 64.

Mjibu wa pili
Naongeza jambo ambalo kwangu ni zito zaidi. Mwaka 1998 watafiti walilinganisha kromosomu Y ya wazao wa ami yake Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani, na ya mzao wa Eston, mtoto wa Sally Hemings aliyekuwa mtumwa wa rais huyo, nazo zikalingana. Hata hivyo kipimo peke yake hakikuweza kusema ni mwanamume yupi wa ukoo wa Jefferson aliyemzaa Eston. Ilibidi kumbukumbu za maandishi zitumike pia. Kumbuka vilevile kwamba jina lililotokana na kazi, kama Smith, yaani mhunzi, lilianzishwa na watu wengi wasiojuana. Tena mtoto aliyelelewa na baba wa kambo huweza kubeba jina bila kromosomu yake, kwa hiyo kubalianeni kabla ya kupima kwamba matokeo hayatamvunjia mtu heshima wala kumtoa katika ukoo.

Muuliza swali
Nawashukuru sana. Ami yangu amekubali kupimwa, ila alitaka kwanza nimsomee daftari lote kwa sauti. Nilipofika kwenye jina la tano alinisimamisha, akasema hilo lilikuwa jina la utani, kisha akanitajia jina halisi. Nimeliandika pembeni kwa penseli, na kesho nitawauliza wazee wa familia ile kama wanalifahamu.