Je, ushauri nasaha unaweza kuponya jeraha la ukoo?

Mjukuu wa Ungoni, Tabata
Habari za jioni, ndugu zangu. Tangu tumzike baba nimekuwa nikihudhuria ushauri nasaha hapa Dar es Salaam, na usingizi umeanza kurudi. Juzi mnasihi aliniuliza kwa nini kwetu hakuna anayelia mbele ya mwenzake, nikakumbuka kwamba babu, aliyetoka Songea akiwa kijana, alitukataza kabisa kutaja Vita vya Maji Maji, kwa kuwa baba yake alinusurika njaa iliyoletwa na Wajerumani walipochoma mashamba na maghala. Je, uchungu wa namna hiyo unamalizwa na vikao vya mtu mmoja, au ukoo mzima una jambo la kufanya?

Mnasihi wa Temeke
Pole kwa msiba, dada. Usiache vikao vyako. Hata hivyo, kiwewe kilichompata mtu pamoja na watu wake huhitaji pia kusikilizwa na watu wake. Nchini Kanada, ambako zaidi ya watoto 150,000 wa jamii za asili walipelekwa shule za bweni na kukatazwa lugha zao, Tume ya Ukweli na Maridhiano iliwasikiliza walionusurika kati ya 2008 na 2015, huku wahudumu wa afya na wazee wa jamii wakikaa karibu nao, ili msemaji asiachwe peke yake na kumbukumbu zake. Kwako nisingeanza na kikao cha ukoo, maana wengine hawajawa tayari. Anza na ndugu mmoja unayemwamini.

Mzee wa Mbagala
Mwanangu, mimi ni Mngoni. Tarehe 1 Novemba 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alipoomba msamaha pale Songea, nilisikiliza redioni na machozi yakanitoka. Msamaha nimeupokea, lakini Nduna Songea Mbano, kiongozi wetu wa vita ile, alinyongwa na Wajerumani mwaka 1906, na kichwa chake, ambacho wengi wetu tunaamini kilipelekwa Ujerumani, bado kinatafutwa. Matanga ya namna hiyo tutayaanuaje? Kila tarehe 27 Februari yeye na mashujaa wenzake hukumbukwa katika Makumbusho ya Maji Maji pale Songea, penye makaburi yao. Nenda na mkubwa mmoja wa kwenu, msimame pale makaburini pamoja.

Mjukuu wa Ungoni, Tabata
Shikamoo mzee, na ahsante sana mnasihi. Shangazi yangu anaishi Kigamboni. Jumapili nitavuka kwenda kwake. Nitamwuliza kwanza jina la babu yake, kwa maana hata hilo sijawahi kuambiwa.