Tupeane uzoefu: TV ya inchi 65 nyumbani, ulifurahi au ulijuta?

Kibokoni2
Assalaam aleikum wana Mombasa. Jana nilisimama mbele ya TV ya inchi 65 mpaka mwenye duka akaniletea kiti. Walikuwa wakionyesha samaki wa baharini, rangi zawaka. Mwaka mzima nimeweka akiba kwa ajili ya babangu. Macho yamepungua, sasa hukaa hatua moja tu kutoka kwa ile yetu ya inchi 32 ndipo aone. Kabla sijatoa pesa, mlionunua kubwa nipeni ya kweli. Mliangalia nini?

Mama Wawili
Hao samaki ndio walioniponza mimi. TV za dukani huwekwa mwanga juu kabisa, na video ile imetengenezwa kwa kazi hiyo hiyo. Nilipofika nayo Tudor nikafungua habari za saa moja kwa dikoda, uso wa mtangazaji ukawa kama umepakwa uji. Siku tatu nikaamini nimeuziwa mbovu, sili vizuri. Kumbe TV nzima, ila picha inayokuja ni ndogo na skrini inainyoosha. Nenda na flashi yako yenye video ulizopiga kwa simu, za watu wa nyumbani. Rangi ya ngozi ya mamako waijua, hapo hakuna wa kukudanganya.

Bahari Haina Mwenyewe
Kweli tupu. Flashi.

Mvukaji wa Likoni
Na maandishi ya boksi yasome yote, hata yale madogo. Mimi nilinunua ya inchi 55, mbele imeandikwa 4K kwa herufi kubwa. Nikavuka nayo feri nimeikumbatia kama mtoto, nikijua nimebeba 4K. Nyumbani nafungua kitabu: skrini ni nukta 1920 kwa 1080. Ile 4K maana yake yapokea video za 4K, kisha inazipunguza! 4K yenyewe ni 3840 kwa 2160, mara 4 ya hizo. Nikarudi dukani, wakanionyesha hayo hayo maandishi madogo. Sitayasahau.

Mikindani Juu
Mita ngapi kutoka kiti hadi ukuta? Kama ni mita 2 na nusu, 65 ni kubwa mno. Utaumiza macho ya mzee.

Fundi wa Makupa
Hayo yalikuwa ya zile TV za kichogo, ndugu. Kwa 4K mita 2 na nusu ni sawa kabisa na inchi 65. Kinachochosha macho ni kukaa gizani na mwanga wa skrini uko juu.

Mikindani Juu
Mimi nasema nilichokiona kwangu. Mke wangu kichwa kilimuuma wiki mbili.

Fundi wa Makupa
Uliupunguza mwanga?

Mikindani Juu
Kwa nini nipunguze kitu nimelipia?

Mwanangu Kwanza
Ngojeni niseme langu, maana tangu siku ile sijaliandika popote. Kibokoni2 amejiita kwa jina la mtaa wake, Kibokoni, na mimi ni wa huko huko Mji wa Kale.

Tarehe 18 Disemba 2022, fainali ya Argentina na Ufaransa. Nyumba yetu ni ya zamani, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, sisi twakaa juu na sakafu yetu ni ya boriti. TV ya inchi 65 ilikuwa ina siku mbili ukutani. Fundi alikuja na vile vidude vya plastiki vya kushikia skrubu, vya nyumba za bloku. Alipotoboa likamwagika vumbi jeupe kama unga. Nikamuuliza, "Ukuta huu utashika?" Akasema utashika, nami nikanyamaza. Kunyamaza huko ndiko kunakoniuma mpaka leo.

Watu walijaa, majirani, wana wa ami, watoto wamelala mkekani. Mapumziko Argentina 2, Ufaransa bila. Dakika ya 80 Mbappé akafunga penalti, nyumba ikalipuka kwa kelele. Watu hawajakaa, akafunga la pili. Wakaruka wote kwa pamoja. Sakafu ikacheza. Nikaona vumbi jeupe latiririka kutoka skrubu ya juu, kisha TV ikainama, polepole kwanza, halafu ikaja yote. Mwanangu wa miaka mitatu alikuwa amelala pale chini.

Dadangu ndiye aliyekuwa karibu. Hakujaribu kuidaka, alishika pembe ya mkeka akauvuta na mtoto juu yake. TV ikatua kwa kona pale pale kilipokuwa kichwa chake. Mtoto hata hakuamka. Sisi watu wazima tukakaa chini twalia, na nje mji mzima wapiga mayowe ya mpira. Nani ameshinda nilijua asubuhi.

Mama Wawili
Subhanallah. Nimesoma mkono uko kinywani. Mtoto hajambo?

Mwanangu Kwanza
Hajambo, alhamdulillahi. Yuko shule, hajui kitu. Dadangu ndiye asiyeketi chini ya TV popote mpaka leo.

Bahari Haina Mwenyewe
Mpe dadako salamu zetu sote.

Fundi wa Makupa
Pole sana ndugu yangu. Ukuta wa matumbawe una matundu ndani na chokaa yake ni laini, vidude vile havipati pa kushika. Mimi huweka ubao mpana kwanza, kisha bolti ndefu zinapita mpaka upande wa pili wa ukuta.

Mwanangu Kwanza
Upande wa pili wa ukuta wangu ni sebule ya jirani. Na ukuta ule umekaa kabla ya babu zetu, hautoboliwi tena. Sasa TV iko juu ya kabati fupi, nyuma imefungwa mkanda usiiache ikainama.

Fundi wa Makupa
Kwa nyumba yako kabati ni bora, nimekubali.

Nyali Upepo
Poleni. Nikirudi kwa swali: chukua OLED. Kila nukta yatoa mwanga wake, penye weusi inazima, weusi wake ni weusi kweli.

Mama Wawili
Mzee ataangalia chaneli moja ya habari kutwa. Nembo ya pembeni itaganda kwenye hiyo OLED.

Nyali Upepo
Yangu ina miaka minne, haina alama.

Mama Wawili
Wewe washinda kazini.

Fundi wa Makupa
Na kama mchana madirisha yako wazi, LED, ile yenye taa nyuma ya skrini, ikiwa na mwanga mwingi itamfaa mzee zaidi. Lakini Nyali, ukae na hiyo hiyo. Nimefungua TV nyingi za karibu na bahari, chumvi imekula miguu ya vipuri mpaka imeota kijani. Usiiweke mkabala na dirisha la upepo. Na weka kilinda stima. Stima ikirudi kwa nguvu ndipo TV hufa, si inapokatika.

Mvukaji wa Likoni
Mimi naifunika kwa kanga.

Fundi wa Makupa
Ipoe kwanza.

Kibokoni2
Nimesoma yote, na ya Mwanangu Kwanza nimemsomea mamangu. Ukutani haipandi. Leo nimegundisha magazeti ukutani kwa vipimo vya inchi 65, upana sentimita 144, urefu 81. Kutoka kiti cha babangu ni mita 2 na sentimita 40. Nimemwandikia tarakimu za matokeo ya mpira kwa ukubwa ule ule niliopima dukani, akazisoma kutoka kitini bila kuinama. Kesho tunakwenda naye na flashi, ina harusi ya dadangu. Limebaki moja: ngazi yetu kwenye kona ina upana wa sentimita 74, na boksi nimeambiwa halilazwi.

Fundi wa Makupa
Lisilazwe, kioo kitapinda. Piga picha ya kona hiyo uiweke hapa kabla hujalipa.