Mjadala: Jimbo likiacha kubadilisha saa, tubaki na saa ipi? Mimi nasema ya kawaida, na sababu ninazo

Ndugu zangu mlioko Indiana na majimbo ya jirani, naomba hili suala tulijadili kwa kina maana naona watu wengi wanalichukulia poa. Miswada ya kuacha kubadilisha saa imekuwa ikiletwa kwenye mabunge ya majimbo mengi huku Marekani, yaani ile habari ya Jumapili ya pili ya Machi kusogeza saa mbele halafu Jumapili ya kwanza ya Novemba kurudisha nyuma. Kila ukitajwa muswada kama huo watu wanashangilia, "bora liishe hilo zoezi", na mimi pia nalichoka. Lakini hamna anayeuliza swali lenyewe: tukishaacha kubadilisha, tunabaki na ipi? Ya kawaida, ile ya miezi ya baridi, au ya kiangazi, ile iliyosogezwa mbele?

Hapo ndipo maisha yako ya kila siku yanapoingia. Miswada mingi iliyopita inataka saa ya kiangazi mwaka mzima. Florida walipitisha 2018, Tennessee 2019, Minnesota 2021, na majimbo karibu 20 kwa ujumla yameshapitisha kitu cha namna hiyo. Lakini mbona bado tunabadilisha saa? Kwa sababu sheria ya nchi ya 1966 inaruhusu jimbo kujitoa kwenye saa ya kiangazi na kukaa na ya kawaida mwaka mzima, kama Arizona na Hawaii wanavyofanya, ila hairuhusu jimbo kukaa na ya kiangazi mwaka mzima. Mpaka Kongresi, yaani bunge la nchi, ibadilishe. Seneti walipitisha muswada wa kubadilisha Machi 2022, ukafika Baraza la Wawakilishi haukupigiwa kura. Kwahiyo ukipigia debe saa ya kiangazi unapigia debe kitu ambacho jimbo lako halina mamlaka nacho, wakati ile nyingine bunge la jimbo linaweza kuipitisha lenyewe.

Sasa njoo kwenye jua. Hapa Indianapolis mwanzoni mwa Januari jua linatoka saa mbili na dakika sita asubuhi, na hiyo ni kwa saa ya kawaida. Tuko magharibi sana ndani ya ukanda wa saa tunaotumia pamoja na New York, ndio maana kwetu jua linachelewa. Ukiweka saa ya kiangazi mwaka mzima linatoka saa tatu na dakika sita. Saa tatu asubuhi! Jamani sisi tunaosema Kiswahili tunajua saa ni nini, kwetu kuhesabu kunaanza na kucha, saa moja asubuhi ni saa ya kwanza ya mchana, ukimwambia mama yangu kwamba kuna mahali saa tatu asubuhi bado giza atauliza kama dunia imeisha. Na sio siku mbili tatu, ni kuanzia Novemba yote mpaka mwisho wa Februari, hakuna siku hata moja ambayo jua lingetoka kabla ya saa mbili.

Binti yangu ana miaka minane. Basi la shule linapita kwenye kona yetu saa moja na robo. Januari iliyopita nilikuwa nasimama naye pale, giza totoro, huoni mtu ng'ambo ya barabara, unaona taa za magari tu zinakuja na barafu imeganda ukingoni kwahiyo hakuna pa kusogea. Nikachukua kile kizibao changu cha kazini cha njano chenye mistari inayong'aa nikamvalisha juu ya jaketi, kinamfika magotini, yeye anafurahi anasema anafanana na baba. Mimi sikufurahi. Nilikuwa nahesabu magari yanayopita bila kupunguza mwendo. Na hapo ni saa ya kawaida, dakika kama hamsini tu kabla ya jua. Kwa muswada wa kiangazi mwaka mzima angesimama pale karibu masaa mawili kabla ya jua, na jua lingemkuta yuko darasani zamani.

Na hili lilishajaribiwa, sio mawazo yangu. Januari 1974 wakati wa shida ya mafuta karibu Marekani nzima iliwekwa kwenye saa ya kiangazi, mpango ulikuwa iende hadi 1975. Mwanzoni watu waliifurahia. Ilipofika asubuhi za giza, watoto wanaenda shule na tochi mkononi, kelele za wazazi zikawa nyingi mno, Kongresi ikaufuta mpango, na Oktoba mwaka huohuo saa zikarudishwa. Haikumaliza hata mwaka.

Wenyeji wa zamani hapa watakuambia Indiana sehemu kubwa haikuwa inabadilisha saa kabisa kwa zaidi ya miaka thelathini. Ni sheria ya 2005 ya bunge la jimbo, enzi za gavana Mitch Daniels, ndio ilituingiza, tukaanza Aprili 2006. Hoja ilikuwa biashara, kwamba watu wa nje wanachanganyikiwa Indiana ni saa ngapi. Kwahiyo mtu asikuambie saa ya kawaida mwaka mzima ni ndoto, jimbo hili limeishi nayo kizazi kizima.

Haya, mjadala uko wazi. Naendelea kujibu hapahapa chini.

Nimeona wa kwanza anasema giza la jioni ndio baya zaidi, kwamba anatoka kazini saa kumi na moja jioni Desemba anakuta jua linazama, hana hata muda wa kucheza na wanae nje. Kaka, nakuelewa na sikubishii, hiyo hoja ina uzito kuliko zote za upande wako. Desemba hapa jua linazama saa kumi na moja na dakika ishirini hivi, kwa kiangazi ingekuwa kumi na mbili na dakika ishirini. Lakini niambie ukweli, Desemba Indiana, baridi ile, hiyo saa moja ya jua watoto wangecheza nje kweli? Mwanga hauongezeki, unauhamisha tu kutoka asubuhi kwenda jioni. Asubuhi mtoto lazima atoke, shule haina hiari. Jioni kutoka ni hiari. Mimi kwa hilo tu naamua.

Mwingine ameandika "ni saa moja tu, mlale mapema". Dada yangu, hujawahi kufanya shifti ya usiku wewe. Mwili hauangalii simu, unaangalia mwanga. Chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani walitoa msimamo wao 2020, kama kubadilisha kutaachwa basi ibaki ya kawaida, maana ndio inayoendana na mwili, mwanga wa asubuhi ndio unaouamsha na giza la jioni ndio linaloulaza. Juni hapa jua linazama saa tatu na robo usiku, jaribu kumlaza mtoto saa mbili na nusu na jua liko dirishani, mimi nimeshaweka mpaka blanketi kwenye dirisha. Kwa saa ya kawaida lingezama saa mbili na robo na kutoka saa kumi na moja na robo alfajiri. Ndio, kuna watakaolalamika jua linawaamsha mapema, lakini pazia zito linatosha, taa ya barabarani kwa mtoto gizani haitoshi.

Wa tatu kaleta ya umeme, kwamba saa ya kiangazi inaokoa umeme. Hii naipinga kabisa kwa sababu ilipimwa hapahapa Indiana. Tulipoingia 2006 wachumi wawili, Kotchen na Grant, wakalinganisha bili za majumbani za kabla na baada, wakakuta matumizi yamepanda kwa kama asilimia 1. Taa zilipungua kidogo ila viyoyozi jioni za joto vikala zaidi, na hita asubuhi za baridi. Hiyo asilimia inatoka mfukoni kwako.

Kuna sheikh mmoja ameuliza kuhusu swala, nashukuru ameligusa. Juni isha inakaribia saa tano usiku, mtu anaingia kazini saa kumi na moja alfajiri analala saa ngapi? Kwa saa ya kawaida ingekaribia saa nne. Ni kweli Januari saa ya kiangazi ingemsogezea alfajiri isiwe mapema sana, hilo amesema sawa. Kila mtu apime ratiba yake.

Ya biashara na New York: ndio, tukibaki na ya kawaida, kiangazi tutakuwa saa moja nyuma yao, usumbufu upo, sitauficha. Lakini Arizona wanaishi hivyo tangu 1968 na Phoenix haijafa.

Na wale mnaosema tuache tu kama ilivyo, tuendelee kubadilisha, sikilizeni hili. Sehemu moja niliyofanya kazi, shifti ya saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, usiku ule wa Novemba saa nane ikifika inarudi kuwa saa saba. Tulifanya masaa tisa, karatasi ya malipo ikaja na nane. Wengi hawakujua, wengine walijua wakaogopa kusema sababu Kiingereza hakijakaa vizuri. Tulioenda kuuliza tulilipwa. Lile saa ni jasho lako, ukiwa kwenye shifti hiyo mwaka huu andika mwenyewe kwenye daftari umeingia na kutoka saa ngapi.

Kwa anayetaka kufanya kitu badala ya kubishana tu: bunge la Indiana kwa kawaida linaanza kikao Januari, mwaka wa shufwa linatakiwa kufunga kufikia katikati ya Machi, mwaka wa witiri kufikia mwisho wa Aprili. Muswada unapita kwanza kamati, na kamati ndio mahali mwananchi wa kawaida anasikilizwa. Ukienda soma kifungu chenyewe, angalia kimeandika saa ipi, usiishie kwenye kichwa cha habari.

Halafu nawaulizeni nyie wa Gary na Evansville, maana kaunti zenu 12 ziko kwenye ukanda wa kati, saa moja nyuma yetu. Evansville Januari jua linatoka saa moja na dakika chache, sio saa mbili kama kwetu. Watoto wenu wakisubiri basi wanaonana sura? Na jioni ikiingia giza mapema vile, mnaionaje? Naomba mtu wa kule mwenye watoto aandike, sisi wa huku tunabishana na kitu ambacho nyie mnakiishi.