Slivu au baipasi? Dipoziti inatakiwa Ijumaa

Mkaazi_Umoja2: Habari zenu wadau. Dada yangu ana kilo 118 na ameamua kufanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito hapa Nairobi. Daktari mmoja anasema slivu (kukata na kutoa sehemu kubwa ya tumbo), mwingine baipasi (kufanya kifuko kidogo cha tumbo na kukiunganisha na utumbo). Puto la kuwekwa ndani ya tumbo nalo limetajwa kwa kuwa halina kisu. Tuchague ipi?

Nesi_Wadi6: Kilo peke yake hazisemi kitu. Urefu? Kisukari? Kiungulia? Sigara? Ameshafanyiwa endoskopi, ile kamera ya kuangalia ndani ya tumbo? H. pylori, bakteria wa tumboni, wamejaa hapa kwetu, na wakipatikana watibiwe kabla tumbo halijaguswa.

Mkaazi_Umoja2: Sentimita 162, havuti. Yuko kwa insulini, na kiungulia humwamsha usiku. Endoskopi bado.

Lishe_SouthC: Hayo ndiyo ungeanza nayo! BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) ni kama 45, na mwongozo wa kimataifa wa 2022 unapendekeza upasuaji kuanzia 35 hata bila ugonjwa mwingine. Slivu huondoa karibu asilimia 80 ya tumbo, na mrija unaobaki una shinikizo kubwa, hivyo asidi hupanda. Kisukari pamoja na kiungulia: baipasi. Puto la kawaida hutolewa baada ya miezi 6 na mara nyingi uzito hurudi.

Baba_Tumaini: Mimi bado ni slivu. Baipasi ina vitamini za maisha, na ibuprofen au diclofenac ni marufuku kwa sababu huleta kidonda pale utumbo ulipounganishwa. Hapa mtu akiumwa mgongo, diclofenac ananunua dukani bila kuulizwa.

Nesi_Wadi6: Vitamini ni kwa zote mbili, Baba Tumaini. Na slivu ina mstari mrefu wa pini zinazofunga tumbo lilipokatwa. Kuna mgonjwa wa slivu aliyeruhusiwa siku ya pili. Siku ya nne moyo ukapiga 130, homa, bega la kushoto likauma. Kliniki ya mtaani ikampa dawa ya gesi akarudi nyumbani. Kumbe mstari umevuja juu, karibu na umio, na usaha umejaa chini ya kiwambo, ule msuli wa kupumulia. Alirudishwa kusafishwa, akawekewa mirija, akalishwa kwa mpira wiki kadhaa. Baada ya upasuaji, mapigo yakizidi 120 ni picha ya CT siku hiyo hiyo. Akitapika mfululizo, apewe vitamini B1 kabla ya dripu ya glukosi. Kabla ya kulipa, ulizeni: usiku simu inashikwa na nani? ICU iko jengo hilo?

Lishe_SouthC: Wiki mbili kabla ya upasuaji, apunguze wanga ili ini lisinyae, na daktari apunguze insulini, la sivyo sukari itaporomoka.

Baba_Tumaini: Baada ya upasuaji, uji wa wimbi si unatosha?

Lishe_SouthC: Hapana. Uji mtupu ni wanga, naye anahitaji protini gramu 60 kwa siku. Maziwa, mtindi, supu iliyochujwa.

Mama_Kayole: Omena ya kusaga je? Poda za dukani ni ghali mno.

Lishe_SouthC: Omena ni nzuri, lakini kuanzia wiki ya tatu baada ya upasuaji, ikichekechwa miiba yote.

Mkaazi_Umoja2: Asanteni. Endoskopi haiwezi kufanyika kabla ya Ijumaa. Tuombe tarehe ya dipoziti isogezwe?