Eti kuwa msanii wa kuchora mpaka upite chuo?

vibao_mza: Wakuu habari za mchana. Niko Mwanza, naandika vibao vya saluni na gereji, tela za malori pia nachora, kazi nimeipata kwa jamaa mmoja nilianza namshikia kopo la rangi tu huu mwaka wa sita. Sasa mama mdogo anataka kuuza kiwanja chake anilipie diploma ya sanaa za ufundi. Mi nataka kuishi kwa picha zangu mwenyewe sio mikasi ya vinyozi maisha yote, ila moyo unasita, kiwanja kikiuzwa ndo kimeenda hivyo. Bila chuo kweli haiwezekani?

kobe_mzima: Usithubutu. Edward Tingatinga, yule mchoraji, alianza kuchora 1968 hapo Dar na vipande vya hadibodi na rangi za kupakia baiskeli, chuo cha sanaa hakukikanyaga, 1972 polisi wakampiga risasi kimakosa akafa. Miaka minne tu na leo jina lake ndo jina la mtindo mzima wa kuchora. Mteja anaangalia picha, cheti utamuonyesha wapi

Bi_Makaa: Kobe hiyo ya Tingatinga kila mtu anaitoa mfukoni. Mi nimesoma. Kabla ya hapo nilijiona mkali balaa, nikichora sura mtaa mzima unakuja kushangaa, ila mikono naificha, kila mtu kwenye picha zangu kaweka mikono mfukoni au nyuma ya mgongo, na miaka yote hiyo hakuna aliyeshtuka. Mwalimu aliona siku ya kwanza. Akanikalisha mwezi mzima nachora mkono wangu wa kushoto kwa makaa, akipita anafuta na kitambaa, "anza na mifupa". Nililia jamani. Ila sikufichi mdogo wangu, niliomaliza nao wengi hawachori tena, mmoja anauza vipodozi, na kupanga bei hatukufundishwa hata siku moja.

babu_hadibodi: Huyo Tingatinga mnamtaja nusu. Alikuwa na vijana wake, ndugu na jamaa, akina Mpata, Amonde, Linda, Tedo, Ajaba, wanakaa naye wanamwangalia mkono, ndio maana alipokufa kazi haikufa na 1990 wakawa na ushirika wao. Hicho nacho ni chuo, hakina kengele tu. Halafu yupo Elimo Njau, mtu wa Marangu, huyo kasoma Makerere, kachora kuta za kanisa kule Murang'a, 1965 akafungua nyumba ya sanaa ya Paa ya Paa Nairobi. Sasa wewe wa vibao, ukimaliza picha nani anakuambia hapa umeharibu?

rangi_mbili: Mi sina neno kwenye kuchora. Mwaka juzi hoteli moja walitaka picha 12, wakaomba TIN (namba ya mlipa kodi), usajili wa BASATA, lile baraza la sanaa, na invoisi, sina hata kimoja, kazi akapewa mtu wa kuprinti mabango, akanitafuta mimi huyohuyo nimchoree kwa nusu bei 😂 cheti cha chuo hakuna aliyeuliza. Anza na hayo makaratasi kwanza.

vibao_mza: Nashukuru sana wote. Bi Makaa umenishika pabaya dada, nimetoka kupitia picha kwenye simu yangu, vinyozi wote niliowachora hawana mikono, mashine ya kunyolea inaelea tu hewani. Mama mdogo nimemwambia kiwanja kikae kwanza. Babu shikamoo, hapo kwenye ushirika wa Tingatinga mtu akifika na brashi zake wanampokea au mpaka ujuane na mtu?

babu_hadibodi: Marahaba. Mimi niko karibu na pale Morogoro Stores ushirika ulipo, ukifika Dar nitafute nikupeleke kwa mtu ukae pembeni yake, wiki za mwanzo utajaza rangi ya nyuma tu usinune. Na njoo na picha ya mkono, twiga wa mtindo wa Tingatinga tunao wa kutosha.