Naomba ushauri: kuponi za punguzo la kiingilio cha Disney, Orlando

Msafiri_Atlanta: Wanajukwaa, salaam. Ninaishi Atlanta na mke wangu na watoto watatu, wenye miaka 11, 7 na 2. Mama yangu mzazi amekuja kututembelea kutoka Tanga, na mwezi ujao tumekusudia kumpeleka Animal Kingdom, bustani ya Disney ya wanyama na michezo huko Florida, kwa sababu ndani yake kuna kijiji kiitwacho Harambe, kilichojengwa kwa mfano wa miji ya pwani yetu, chenye mabango ya Kiswahili na ukuta ulioandikwa "Uhuru 1961". Mwaka huo mama alikuwa binti wa miaka 12, na tangu mjukuu wake alipomwonyesha picha ya ukuta ule haachi kuuliza safari ni lini. Kinachonikwamisha ni kiingilio. Nimekesha siku tatu nikitafuta kuponi mtandaoni, na karibu zote ama zimepitwa na wakati ama zinadai namba ya kadi ya benki kwanza. Mwenye kujua anielekeze, ikiwezekana kabla ya Ijumaa.

MamaNasra: Kaka, Disney hawana desturi ya kutoa kuponi za kukata gazetini. Tangu Oktoba 2018 bei ya tiketi hutegemea tarehe unayoingia, kwa hiyo punguzo la kwanza ni kuchagua siku ambayo shule hazijafungwa. Mtoto aliye chini ya miaka 3 halipiwi, wa miaka 3 hadi 9 hupunguziwa kidogo, na huyo wako wa miaka 11 analipa kama mtu mzima. Undercover Tourist ni mawakala halali, nao hushusha dola chache kwa kila tiketi. Ila sijaelewa kwa nini iwe kabla ya Ijumaa.

Mzee_wa_Bara: Kijana, kwa nini uendeshe gari saa saba wakati Six Flags Over Georgia, bustani ya michezo, iko jirani yako tangu mwaka 1967? Sisi tulikuwa tukienda na makopo matupu ya Coca-Cola yenye kuponi, tukapunguziwa getini, na wanangu wanakumbuka siku zile hadi leo.

Msafiri_Atlanta: Asante, mzee wangu, lakini mama hawezi kupanda zile treni za kupinduka. Yeye anautaka ukuta ule.

Kipepeo77: Jihadhari na vibanda vya barabarani Kissimmee, mji ulio karibu na Disney. Mimi na mume wangu tuliahidiwa tiketi za nusu bei iwapo tungesikiliza maelezo ya nyumba za likizo zinazomilikiwa kwa zamu, kwa dakika 90 tu. Tuliingia saa tatu asubuhi tukatoka saa nane mchana, mtoto amelala sakafuni juu ya koti langu, na kila tulipoinuka aliletwa bwana mwingine mwenye bei mpya. Tiketi tulizipata, lakini siku yenyewe ilikuwa imekwisha.

MamaNasra: Kaka, hujanijibu kuhusu Ijumaa.

Msafiri_Atlanta: Sikutaka kulileta hili hapa. Kuna ndugu mmoja, ambaye nilimfahamu katika kundi la michango ya misiba, anauza kadi tano za Disney zilizobakiwa na siku mbili kila moja, kwa dola 480 zote. Nimekwisha kumtumia 240, na Ijumaa anataka zilizobaki.

Fundi_Orlando: Zilizobakiwa na siku mbili maana yake zimekwisha kutumiwa. Ndugu yangu, tiketi ya siku nyingi hufungwa kwa mtu wake siku ya kwanza anapoingia, kwa kidole au kwa picha, na sheria ya Florida inakataza kuuza siku zilizosalia. Mama yako atasimama getini, taa haitawaka kijani, na familia nzima itakuwa nyuma yake inatazama.

Msafiri_Atlanta: Ninakuelewa, lakini huyu si tapeli wa barabarani. Mama wa rafiki yangu alipofariki, yeye ndiye aliyekusanya fedha za kuusafirisha mwili, na haikupotea hata senti. Kwa bei ya kawaida watu watano wanavuka dola 500 hata kwa siku moja tulivu, na mimi nimekwisha kumwahidi mama.

Mzee_wa_Bara: Mama wa Tanga analipiwa fedha zote hizo aione Kilimanjaro ya kuigiza ya Florida, na Serengeti hajafika. Mtafakari hilo.

Shahidi_Kimya: Mimi nina shaka na kisa chote. Umejiunga jana, ulianza na kuponi, sasa ni kadi, na bei umeitaja vizuri sana. Nadhani kesho atatokea mtu wa kumsifu huyu muuzaji, na huo ndio utakuwa mwisho wa ushauri.

Msafiri_Atlanta: Nilijiunga jana kwa sababu jana ndipo niliposhikwa na hofu. Alinitumia picha ya kadi zikiwa juu ya kitambaa cha meza. Moja ina alama za meno ya mtoto pembeni, na nyuma ya nyingine pameandikwa "Baba" kwa kalamu ya bluu. Niliitazama kalamu ile usiku kucha, nikawaza kwamba kuna baba mwingine aliyekwisha kuingia nayo.

MamaNasra: Shahidi, muuzaji asingeandika hivyo. Kaka, omba namba iliyo nyuma ya kadi moja, ujaribu kuiingiza katika akaunti yako kwenye programu ya simu ya Disney. Ikiwa ina mwenyewe, itakataa. Fanya hivyo kabla hujatuma hata dola moja.

Msafiri_Atlanta: Nimejaribu namba mbili, na zote zimekataa kwa kuwa zimesajiliwa kwa mtu mwingine. Nimemwandikia anirudishie 240. Ameusoma ujumbe na hajajibu. Nimenunua tiketi za siku moja kwa wakala, Jumanne ambayo si ya likizo, za watu watatu: mama, binti yangu mkubwa na mimi. Mke wangu atabaki na wadogo kwa dada yake, Jacksonville. Mama ameuliza kama anaweza kuvaa kanga mbili au joto la huko litamzidi. Aliyewahi kufika mwezi wa Septemba anijulishe.